Mchanga wa Asubuhi

Mimi ni mpaka rangi, na hakuna anayezijua dhambi za mchomeleaji kuliko mpaka rangi. Geti likitoka kwake lina matundu, mimi naziba. Mshono ukipinda, nautia dawa, naupiga msasa, napaka rangi mara mbili, kisha mwenye nyumba anakuja anasema fundi vyuma huyu ana mkono! Mkono wangu mimi hausifiwi na mtu. Nimezoea.

Ila kwa shemeji yangu Cheche, kwa miaka mingi sikuwa na cha kuziba. Tulikodi eneo moja, yeye upande wa chuma, mimi upande wa rangi, katikati tumetundika turubai ili vumbi la grenda lake lisinichafulie kazi. Alikuwa amemwoa dada yangu, kwa hiyo hata ningechoka kumwona kazini, ningekutana naye mezani. Mshono wake ulilala chini bila kuvimba wala kukatika, ukiupapasa unadhani chuma kilizaliwa hivyo. Ndiyo maana nilikuwa mtu wa kwanza kujua kwamba macho yake yanakwisha. Dada yangu hakujua, na yeye mwenyewe alikuwa bado anakataa, lakini mimi nilianza kukuta matundu.

"Shemeji," nikamwambia siku moja, "mshono huu ameulamba ng'ombe?"

"Paka rangi, wewe," akacheka. "Mtu wa brashi unifundishe moto?" Akaja kuutazama mshono, na nikaona kwamba hautazami. Anaupapasa kwa kidole, uso ameuelekeza ukutani.

Kwao hilo halikuwa jambo geni. Babu yake alikuwa mhunzi wa mvukuto na makaa, na alikufa akiwa anashikwa mkono kwenda chooni. Baba yake ndiye aliyenunua mashine ya kwanza ya kuchomelea katika ukoo, naye kabla mvi hazijamjaa macho yakaingia ukungu, akawa anakaa mlangoni mwa karakana akisikiliza wenzake wakifanya kazi. Wote wawili, kabla ya ukungu, walipitia jambo moja: kuamka asubuhi macho yamejaa mchanga, machozi yanamwagika, mwanga wa dirishani unachoma kama pilipili. Na huo mchanga kila mchomeleaji anaujua. Ukiutazama mwale wa moto bila miwani myeusi, utajuta kabla hakujapambazuka. Utalala na vipande vya kiazi kibichi juu ya macho, utamtukana kila anayewasha taa, na baada ya siku mbili utarudi kazini unajisifu. Basi nani angeuliza maswali? Moto ulimla babu, ukamla baba, sasa unamla Cheche. Ukoo mzima ulikubali hivyo, na mimi shemeji mtu nikakubali nao.

Alikuwapo shangazi yake mmoja ambaye hakuwahi kushika hata msumari. Aliuza nguo maisha yake yote, naye akapofuka. Huyo walisema ni machozi, kwa sababu alifiwa na mume angali kijana na alilia sana. Mtu akishaamini jambo, kila kitu hupata maelezo.

Cheche na dada yangu walijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Tangu anatambaa mtoto huyo alipenda chuma. Wenzake wanalilia pipi, yeye analilia vipande vya vijiti vya kuchomelea, avipange sakafuni kimoja kimoja. Maji hufuata mkondo, watu wakasema, na wakisema hivyo Cheche anawafukuza karakanani. Alikuwa mtu wa mzaha kwa mambo yote isipokuwa hilo.

Siku moja akaniita. "Nipakie mstari hapa mlangoni, ukuta hadi ukuta. Rangi inayoonekana."

Nikapaka wa njano. Akamsimamisha mtoto mbele yake. "Mama yangu, huu usiuvuke. Siku utakayouvuka, naivunja hii mashine kwa nyundo, twende wote tukaombe barabarani. Umenisikia?"

Mtoto alisikia. Tangu siku hiyo alikuwa akileta chakula cha baba yake anasimama pale, visigino vimegusa rangi, vidole vya miguu nje, mgongo ameugeuzia moto kama alivyoamrishwa. Akakua akiwa amesimama vilevile. Mstari ukichakaa, Cheche ananiambia niurudie, nami naurudia. Lakini masikio hayazuiliwi na rangi. Binti alijifunza kusikiliza, na wakati mwingine, akiwa bado ametupa mgongo, anasema, "Baba, hapo umekwenda mbio." Cheche anajifanya hajasikia. Baadaye nikilipata geti, napapasa mahali pale, nakuta kweli alikwenda mbio.

Alipomaliza shule aliomba mara moja tu afundishwe kazi. Baba yake akasema hapana, akampeleka kusomea ualimu wa watoto wadogo: chaki, nyimbo, na kamasi za watu. Nyumbani tukamwita Mwalimu, nusu heshima nusu utani. Kazi aliifanya vizuri, watoto walimpenda kufa, lakini yeye hakumsamehe baba yake. Walikuwa wakisalimiana tu, basi. Cheche aliumia, lakini alikuwa akiniambia, "Shemeji, heri anichukie akiwa anaiona sura yangu."

Maneno hayo alikuwa nayo siku zote, kama mtu anayejipapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo bado upo.

Kisha asubuhi moja dada yangu akanipigia simu, hata salamu hakuitoa. "Njoo. Njoo sasa hivi."

Nilimkuta Mwalimu ameketi kitandani, amejifunika shuka kichwani, machozi yanamtoka bila yeye kulia. Akijaribu kufungua jicho anapiga yowe. Cheche alikuwa amesimama mlangoni. Wakati huo yeye alikuwa akiona vivuli tu, lakini hakuhitaji kuona.

"Amechomelea," akaniambia.

"Sijachomelea, Baba."

"Usinidanganye! Mimi nimeamka na mchanga huo maisha yangu yote. Macho hayaumi namna hiyo bila moto. Nani amekupa mashine? Huyu mjomba wako?"

"Mimi nina brashi, shemeji," nikasema. "Labda nimemchomelea kwa brashi."

Hakucheka. Alipapasa hewani hadi akaipata mikono ya binti yake, akaivuta puani, akainusa kiganja kimoja, akanusa na cha pili, anatafuta moshi. Ilinuka chaki. Cheche akasema binti amenawa.

Sijawahi kumchukia shemeji yangu ila asubuhi ile. Dada yangu akamwambia mbele yetu sote, "Huyu mtoto hajawahi kukudanganya, wewe ndiye unayemwogopa." Cheche akaenda jikoni, akarudi na kiazi, akakikata vipande, akampa binti yake huku akimtukana. Akampa dawa ya kosa ambalo mtoto hakulifanya, na maumivu yalipotulia akaona ndiyo ushahidi wenyewe.

Mwalimu akafunga nguo zake. "Kama mimi ni mwongo, nakwenda kukaa na waongo wenzangu," akasema, akahamia kwangu.

Kwangu hakuna chuma ila masufuria. Nikamwona kwa macho yangu: anatoka kazini mzima, anakula, analala, asubuhi anafungua macho na mchanga umeingia. Unatulia. Wiki zinapita, unarudi. Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika, kwa sababu mtu akiumwa na moto huku moto haupo, basi jina la ugonjwa si moto.

Kumpeleka binti kwa daktari wa macho kulikuwa rahisi. Kumpata Cheche ndiyo kazi. Kwa hiyo nilimdanganya. Nilimwambia daktari ana chombo kinachoonyesha kama jicho limewahi kuungua, na leo mwanao ataumbuka. Alivaa viatu kabla sijamaliza kusema, na dada yangu akafuatana nasi.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, sauti ya chini. Akazima taa, akamkalisha Mwalimu, kidevu kwenye kibao cha mashine, akamtazama muda mrefu sana. Halafu badala ya kusema lolote kuhusu binti akageuka. "Baba, hebu na wewe njoo uketi hapa."

"Mimi? Mimi wangu ni moto, daktari. Mtazame huyo."

"Njoo tu, baba."

Akamtazama. Akawasha taa. Akauliza habari za wazee wao, na Cheche akamweleza kwa fahari: babu mhunzi, baba mchomeleaji, wote wameliwa na moto.

"Na katika ukoo, hakuna aliyepofuka bila kugusa moto?"

Dada yangu ndiye aliyejibu, "Shangazi."

"Tulisema ni machozi," akasema Cheche, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Daktari aliwafuta ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba, akavipeleka kwenye maabara kubwa, nasi tukaambiwa tusubiri. Majibu yalipofika tukarudi wote wanne, tukabanana kwenye benchi lake. Alivyotueleza nitasema nilivyomwelewa, maana alieleza taratibu na alirudiarudia.

"Mbele ya jicho kuna konea, ndiyo kioo chenyewe. Ngozi ya kioo hicho inatengeneza protini fulani inayosaidia kushikanisha tabaka zake. Maagizo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni, na jeni imeandikwa kwa herufi za kemikali, nyingi sana. Kwenu nyinyi herufi moja imebadilika. Moja tu. Kwa hiyo protini inatoka na kiungo kimoja ambacho si chake, inajikunja vibaya, inagandana na nyingine, na mwili unashindwa kuiondoa. Miaka inavyokwenda inajipanga ndani ya kioo kama nyuzi zilizopishana. Ndizo nilizoziona kwa binti, nyembamba. Kwa baba zimeshakuwa ukungu. Na ngozi ya juu inakosa pa kushika vizuri. Ukilala inagandana na kope. Ukifungua macho asubuhi, kope linaibandua."

"Huo ndio mchanga," akasema Mwalimu.

"Huo ndio mchanga."

Cheche alikuwa ameinamisha kichwa. "Ni kama kipimo," akasema polepole. "Mtu akikupa kipimo kibovu cha geti, kila chuma utakachokata kitakuwa kibovu. Hata uchomelee vizuri namna gani."

"Ndivyo, baba."

"Sasa mwanangu nani kampa kipimo hicho?"

Daktari hakumzungusha. "Wewe, baba. Nawe ulipewa na baba yako. Nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Kila mtoto anayezaliwa ni nusu kwa nusu, apate au asipate."

"Na moto?"

"Moto haukuwaletea hili. Moto una maumivu yake. Mara nyingi huanza saa chache baada ya kazi, jioni au usiku, na siku mbili tatu umekwisha. Huu wenu unamngoja mtu afungue macho."

Cheche alipiga magoti, mwanamume mzima, akampapasa daktari miguuni. "Basi nitoe macho yangu umpe. Mimi sina kazi nayo tena. Yatoe yote mawili, leo hii, nimekuja na mashahidi."

"Baba, inuka. Konea yako ina ugonjwa uleule. Haimfai."

"Basi nipe mimi wa kwake. Niutwae niwe nao mara mbili."

Daktari alimwinua mwenyewe. Akasema kuna upandikizaji, konea ya mtu aliyefariki, na Cheche ataingizwa kwenye foleni. Lakini hakuficha kwamba baada ya miaka nyuzi hurudi hata kwenye kioo kipya, kwa sababu mwili unaokibeba ni uleule. Kwa Mwalimu ni matone ya mchana, mafuta ya kulalia, na kusubiri.

"Kusubiri nini?" Cheche akauliza.

Jibu alikuwa nalo mwenyewe, akaanza kulia kwa sauti, mikono juu ya magoti. "Nilimkinga na moto," akawa anasema. "Maisha yangu yote nimemkinga na moto, kumbe moto ni mimi." Dada yangu akanong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nikatamani kumziba mdomo, ingawa alikuwa analia naye.

Nje, kwenye ngazi, Mwalimu akasimama. "Kwa hiyo haukuwa moto."

"Haukuwa, mama yangu."

"Basi ulininyima bure."

Akatangulia kushuka. Sisi watatu tukamfuata nyuma, na Cheche akakosea ngazi nikamdaka.

Siku chache baadaye nilifika karakanani nikamkuta amepiga magoti mlangoni, ana brashi ya waya, anasugua mstari wa njano. Jasho linamtiririka.

"Rangi yako ngumu, shemeji."

"Niliipaka idumu."

Upande wa kushoto mstari ulikuwa umeshatoka zamani, naye bado alikuwa palepale, anakwangua saruji tupu, vumbi linapanda. Nikamwambia umekwisha hapo. "Nitajuaje?" akauliza. Nikachukua brashi nyingine, nikamalizia upande wa kulia.

Mwalimu alikuja alipoitwa, amenuna. Alisimama mahali pa zamani, vidole vya miguu nje, japo mstari haukuwapo. Cheche akamnyooshea ngao ya uso ya marehemu baba yake. "Ingia."

Nilisikiliza kutoka nyuma ya turubai, sikufanya kazi yoyote siku ile. "Usiangalie sana, sikiliza. Ukisikia kama mafuta yanakaanga kitu, nenda hivyohivyo. Moto ukikohoa, uko mbali. Sasa unakohoa. Sogea. Sogea, mama. Hapo." Mishono yake ya kwanza hata ng'ombe asingeilamba. Lakini alikuwa amesikiliza kazi hiyo tangu utotoni, na mkono ukaanza kuyafuata masikio. Alikuja kila alipotoka kwa watoto wake wa shule, na kabla ya muda mrefu akatengeneza fremu ya dirisha, ndogo, nzuri. Cheche akaipapasa kona zote nne. Kisha akaipapasa tena.

"Mjomba," Mwalimu akaniambia, "usizibe kitu humo."

"Hamna cha kuziba," nikasema, na ilikuwa kweli.

Jioni ile tulikula kwa dada yangu. Nilikuwa sijaisikia nyumba ile ikicheka siku nyingi. Baada ya chakula mama yake akahangaika na sindano, uzi hauingii, Mwalimu akaichukua chini ya balbu na kuutia uzi mara moja. "Macho ya fundi hayo," akajisifu, na baba yake akacheka kuliko sote.

Usiku ule Mwalimu alilala kwao, na asubuhi nilipita kuwachukua twende kazini. Dada yangu alinipokea jikoni, kisu mkononi, uso umemshuka. "Alilala fofofo," akaninong'oneza. "Usiku kucha hakuguna. Nimemwamsha mimi mwenyewe. Alipofungua macho tu, ndipo alipopiga yowe."

Chumbani Mwalimu alikuwa ameketi vilevile, shuka kichwani. Cheche ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mguu wake juu ya shuka.

"Niambie ukweli, mama yangu," akasema. "Yameanza lini? Usiku, au ulipofungua macho?"

Mimi na mama yake tulikuwa tumesimama mlangoni, na Mwalimu alijua tupo.

"Usiku, Baba," akasema. "Tangu nilipokwenda kulala. Nilivumilia tu. Jana niliinua ngao mara moja nione mshono."

"Uliinua ngao!" Cheche akaruka. "Si nilikwambia? Si nilikwambia usiinue? Masikio yako yako wapi? Kila mwanafunzi ndiyo kosa lake la kwanza, kila mmoja!" Alikuwa akifoka na uso wake unang'aa, akanyoosha mkono kwa mkewe, akapewa kisu na kiazi, akakata vipande kwa kupapasa, vyembamba, vinavyolingana. Akamlaza binti yake chali, akaviweka juu ya macho yake kimoja kimoja. "Siku mbili tu, mwanangu. Moto una mwisho."

"Ndiyo, Baba."

Chini ya kiazi machozi yalikuwa yakishuka hadi masikioni, na Cheche hakuyaona. Akageuza uso kuelekea mlangoni, akitafuta pumzi zangu.

"Shemeji, si ni moto huu?"

Dada yangu akanishika mkono.

"Moto huo, shemeji," nikasema. "Moto mtupu."